Risala ya Kanisa la Mlango Wazi kwa Askofu Goffe, Kuhusu Ndugu Zetu wa Ng'ambo ya Uzio

Mgeni rasmi, Askofu Lascelles Goffe, Mwangalizi Mkuu wa makanisa yetu yote Uingereza, Mchungaji wetu, pamoja na mama wa kanisa, Mama Icilda Brissett, wazee, mashemasi, na ninyi mliobanana huko nyuma karibu na jiko la mafuta ya taa: Bwana asifiwe!

UKARIBISHO

Sisi waumini wa Mlango Wazi, hapa Wolverhampton, tumefurahi kukuona. Risala hii imeandikwa na kamati ya watu tisa kwa vikao vinne. Penye maneno matamu, tumeandika wote. Penye maneno makali, kamati bado haijakubaliana ni nani aliyeyaandika. Mimi, Dada Merlene Pusey, katibu, ni msomaji tu.

HISTORIA YETU

Waliotutangulia walishuka melini kutoka Jamaika wakiwa na barua za utambulisho kutoka makanisa ya kwao. Mwaka 1957 Kaka Wilmot Dacres, kondakta wa basi, alivaa suti yake ya harusi akaenda kusali kwenye kanisa moja la mji huu. Ibada ilipokwisha, kasisi alimshika mkono mlangoni akamwambia kwa upole mkubwa, "Asante kwa kuja, ndugu. Ila ningeomba usirudi. Waumini wangu wanapata shida."

Kaka Wilmot alirudi nyumbani, akamwambia mkewe, "Verbena, panga viti sebuleni. Mungu anahamia kwetu."

"Mungu peke yake, au na wageni wako?"

"Wote."

"Basi wageni wavue viatu."

Wakaanza watu saba. Jirani yao wa ukuta mmoja, Bwana Harold Pikes, Mwingereza wa kiwanda cha chuma, hakupenda. Kila wakiimba, anagonga ukuta kwa kiatu. Jumapili ya tatu Mama Icilda, wakati huo bado msichana wa kwaya, akainua kidole: "Hebu sikilizeni. Huyu bwana anagonga kwa mapigo!"

Wakaimba polepole, naye akagonga polepole. Wakakaza mwendo, naye akakaza. Ndipo Mama Icilda akatoka, akabisha hodi. Bwana Harold akafungua, kiatu mkononi, uso mwekundu.

"Jirani," Mama akamwambia, "huko unajichosha bure. Njoo ugongee huku."

Akaja ili agombane. Akapewa samaki wa kukaanga na tangawizi ya kunywa, kisha akapewa tari. Baadaye akapewa ngoma, na akatupigia miaka hamsini na mmoja.

MAFANIKIO

Tumebatiza watu mia nne na kumi na wawili. Wa kwanza tuliwabatizia kwenye bwawa la kuogelea la mji, nasi hatutaficha yaliyotokea. Kaka Wilmot, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kuwa Mchungaji Wilmot, alikuwa mtu mdogo sana. Dada Eulalee Tomlin hakuwa mdogo. Mchungaji alimzamisha vizuri kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, ila kumwinua akashindwa, wakazama wote wawili. Aliyesimama kwanza ni Dada Eulalee, amembeba mchungaji kifuani kama mtoto mchanga, anamwuliza, "Mchungaji, na wewe umeokoka?" Kwenye daftari siku hiyo waliandikwa wawili.

Mwaka 1966 tulinunua ukumbi huu, uliokuwa wa mchezo wa biliadi. Tuliuombea siku tatu mfululizo, maana kuta zilikuwa zimesikia mengi.

CHANGAMOTO

Hapa, Mgeni rasmi, kamati ilichukua vikao vitatu kati ya vile vinne.

Mwaka 1974, Sikukuu ya Mavuno, Mama Icilda alikuja na kofia mpya. Ilikuwa ya kijani, na juu yake palikuwa na manyoya ya jogoo. Hatusemi yalikuwa mengi. Shemasi Fitzroy Lumley, kiongozi wa sauti ya besi, aliketi nyuma yake, na katikati ya mahubiri akamgusa bega.

"Dada, vua kofia. Sioni mhubiri."

"Mtume Paulo amesema mwanamke afunike kichwa."

"Paulo alisema kichwa. Hakusema umbebeshe jogoo mzima!"

Waliocheka walikuwa wengi, na hilo ndilo kosa letu. Mama hakuvua. Shemasi hakuomba radhi. Jumapili iliyofuata Shemasi akaondoka na nusu ya kanisa, pamoja na besi yote, wakapanga jengo la mtaa wa pili, ambalo ua wake unapakana na wetu. Wakajiita Mlango Wazi Halisi. Tangu hapo katikati yetu kuna uzio wa mbao.

Sisi tulianza ibada saa tano, nao saa tano, kila upande ukiimba kuushinda mwingine. Tukarudisha nyuma hadi saa nne na nusu, wao wakaweka saa nne. Tulifika saa mbili asubuhi, wachungaji wote wawili wakihubiri huku wanapiga miayo, mpaka majirani wakatuletea barua.

Miaka thelathini na mitano imepita. Sisi tumebaki ishirini na saba, wengi wanawake. Wao ni kumi na mmoja, wengi wanaume. Kwaya yetu haina besi, inapaa tu kama kishada kilichokatika uzi. Wao nao, tunavyowasikia, ni kama ng'ombe waliokwama matopeni.

Februari mwaka huu Kaka Harold alifariki. Hakuwahi kukubali kuchagua upande, basi pande zote mbili zilikwenda kumzika. Makaburini, kama desturi yetu, wanaume walishika mabeleshi, wanawake wakaanzisha wimbo. Ubeti wa pili, besi ikaingia chini yetu. Mgeni rasmi, wengine hatukuweza kuendelea kuimba.

Shemasi Fitzroy, mwenye miaka themanini na mitatu, naye akachukua beleshi. Mama Icilda akapaza sauti: "Fitzroy! Weka chini hilo beleshi, utatuzikisha wawili leo!"

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Shemasi tangu 1974. Shemasi akageuka, akamtazama kichwani.

"Icilda! Kumbe yule jogoo hajachinjwa bado?"

"Hajachinjwa, na wewe ndiye utakayetangulia!"

Watu walicheka kando ya kaburi, na tunaamini marehemu alicheka nao. Kisha kila upande ukapanda basi lake. Tangu siku hiyo hakuna aliyekwenda kwa mwenzake, kwa sababu kila upande unangoja mwingine uanze.

MAOMBI

Kwanza, tunaomba mpiga ngoma.

Pili, tunaomba besi.

Tatu, Mgeni rasmi, tunaomba utuamrishe. Usitushauri. Ukitushauri, tutakaa vikao vinne, na wao vitano. Gonga meza, kunja uso, sema kwamba uzio ung'olewe kabla ya Pasaka na atakayekataa atakujua. Sisi tutanung'unika kidogo, kwa ajili ya heshima. Tafadhali usitusikilize. Mama Icilda ameisoma ibara hii na hakuifuta. Aliongeza tu neno "upesi".

Tunajua kwamba asubuhi ya leo, kabla ya kuja kwetu, ulipita kwao, nao wakakusomea risala yao. Hatukualikwa, wala hatukuuliza waliandika nini. Ila Dada Eulalee alikuwa akianika vitambaa vya meza karibu na uzio, na masikio yake bado ni mazima. Anasema na wao walikuwa na maombi matatu. La kwanza walitaka soprano. La pili walitaka mpishi. La tatu, anasema, ni hili hili letu, neno kwa neno.

Bwana akubariki utokapo na uingiapo, akupe sauti ya ukali siku ya leo, na akurudishe kwako salama.

Ni sisi,
Waumini wa Kanisa la Kipentekoste la Mlango Wazi,
Wolverhampton.