Ng'ombe wa Pembe Iliyolala

Bwana asifiwe, wapendwa! Mwangaluka! Ni mimi Mama Kulwa, yule wa mafuta ya pamba hapa Bariadi. Leo nina furaha, mtanivumilia!

Serikali iliporuhusu watu binafsi kununua pamba na kukamua mafuta, mimi na mume wangu tulianza na mashine ndogo. Nembo yetu tukachora ng'ombe. Si wa kubuni! Ni yule wa mahari yangu, aliyeletwa kwetu Sapiwi, pembe moja imesimama na nyingine imelalia jicho. Wajomba walitaka kumkataa. Baba akasema, "Mwacheni. Huyu hawezi kupotea kundini."

Afisa biashara akatushauri tuisajili nembo hiyo Dar es Salaam. Mume wangu alinicheka, "Mama Kulwa, ng'ombe naye anatafutiwa pasipoti?" Nikapanda treni Malampaka, nikaenda, nikasajili.

Ndugu zangu, shetani halali! Mfanyabiashara mmoja akaleta mafuta mabovu kwenye madumu yenye ng'ombe wangu. Watu wakaumwa matumbo. Sokoni mama mmoja, mteja wangu wa siku zote, akanipigia kelele, "Umetulisha sumu!" Nililia jamani. Jina langu lilikuwa linakufa huku naliangalia. Nikafunga, nikaomba, nikaenda kushitaki.

Mahakamani yule bwana akasema, "Mheshimiwa, Usukuma nzima ina ng'ombe. Huyu mama anataka kuwamiliki wote?" Watu wakacheka. Hakimu akazitazama nembo zote mbili, kisha akamuuliza, "Huyu wako, pembe yake imelala kwa nini?"

Kumbe alikuwa amenakili hata kilema asichokijua! Mimi nikaeleza habari ya mahari yangu, nikatoa na cheti cha usajili. Hakimu akaamuru madumu yale yaondolewe, na yule bwana mwenyewe atangaze sokoni kwamba mafuta hayakuwa yangu. Akatangaza, ndugu zangu, kwa kipaza sauti! Haleluya!

Yule mama aliyenipigia kelele akaja na dumu tupu. Akaigusa ile pembe kwenye nembo kwa kidole. "Ndiye mwenyewe?"

"Ndiye."

"Basi nijazie."

Namshukuru Mungu! Nawe mwenye biashara, mtegemee Bwana, na nembo yako kaisajili. Na wewe uliyechafuliwa jina, unayeona umechanganywa na wengi hadi hakuna anayekutambua, njoo kwake leo. Pembe yako anaijua. Hutapotea kundini!