Mstari wa Mia na Moja wa Lalla Tuda

Ninaandika wasifu huu kumuaga Lalla Tuda Uhaddu, mlinzi wa kizuizi cha theluji cha Tizi n'Uzru, kinachofunga barabara ya mlimani theluji inapozidi, atakayestaafu tarehe 31 Machi 2019 baada ya utumishi wa miaka thelathini na sita na miezi mitano. Ninaandika pia kuomba jambo moja: kabla faili lake halijafungwa, barua ya onyo iliyomo iondolewe. Nilipokabidhiwa kazi hii sikujua kwamba barua hiyo ipo. Niliyoyagundua baadaye yamenistua, na mstuko huo haujanitoka.

Lalla Tuda alizaliwa Imidal, mji mdogo wenye tanuri moja la mikate na vinyozi wanne. Baba yake ndiye aliyekuwa mlinzi wa kizuizi. Mzee alipovunjika nyonga mwaka 1982, binti alivaa joho lake la sufu, akapanda mlimani na kushika zamu. Mkaguzi alifika wiki ya tatu, akakuta barabara salama na chai tayari. Hakuona sababu ya kumteremsha. Mkataba ulitiwa kidole gumba. Sisi sote tukasahau kidole hicho kilimaanisha nini.

Mwaka 1987 dereva wa gari la kusukuma theluji alizidiwa na tumbo kule juu. Lalla Tuda, ambaye hakuwahi kugusa usukani, alimteremsha kilomita kumi na moja kwa gia ya kwanza, na katika safari nzima aligonga kitu kimoja tu: ukuta wa ofisi yetu ya barabara. Amezalisha pacha kwenye kiti cha nyuma cha basi. Bibi harusi mmoja alikwama kizuizini siku mbili. Lalla akamwagiza bwana harusi apande kwa miguu, akachinja kondoo wake mwenyewe, na harusi ikafungwa hapo hapo, abiria wa basi wakiwa wageni waalikwa.

Mwezi uliopita nilifungua madaftari ya kizuizi ili nithibitishe tarehe hizi. Nilipigwa na butwaa. Kila ukurasa ulikuwa na mwandiko tofauti. Nilishuku udanganyifu, nikapanda mlimani kumhoji.

"Mwanangu, nani kakwambia najua kuandika?" alinijibu, akiendelea kufuma.

"Hata jina lako, Lalla?"

"Jina nalichora. Shule niliiona mlangoni tu, nikipita na mbuzi. Anayekwama hapa anakunywa chai yangu, kisha ananiandikia. Wewe miaka yote hiyo ya chuo, na jiko la kuni limekushinda kuwasha. Sasa nani amcheke mwenzake?"

Nilimuuliza: ofisi ilipomtaka tarehe, alizitoa wapi? Akanionyesha nyuma ya kitanda chake cha kufumia. Palikuwa na mazulia thelathini na sita yaliyokunjwa, moja kwa kila msimu uliokwisha. Kuanzia tarehe mosi Novemba, kila siku ni mstari mmoja: sufu nyeupe barabara ikiwa wazi, nyeusi ikifungwa. Nililinganisha misimu mitano na taarifa za gari la theluji. Mazulia hayakukosea hata siku moja.

Hapo ndipo nilipoitafuta tarehe 9 Februari 1991. Siku hiyo lori la mboga lilipanda Tizi n'Uzru likapinduka, na dereva wake, Basso Aqabli, akapoteza mguu. Daftari linasema: "Saa mbili asubuhi, barabara wazi." Kwa maneno hayo Lalla Tuda aliandikiwa barua ya onyo, na kwa miaka ishirini na minane mji umemtaja kama mwanamke aliyemkata mtu mguu. Nilihesabu kwenye zulia la msimu huo. Mstari wa mia na moja ni mweusi.

Nilipomsomea ukurasa ule, mikono yake ilisimama.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Mimi nilimwambia aandike imefungwa," alisema taratibu. "Nikatoka kuwapelekea watu wa basi chai. Niliporudi, mti wa kizuizi uko juu na lori halipo. Nililia nikawaambia wakubwa wa ofisi nilifunga, nikidhani daftari linanitetea."

Ndani ya faili la ajali mna maelezo ya Basso, aliyoyaandika kwa mkono wake hospitalini. Mwandiko ni ule ule wa daftari. Kitu hiki kimelala kabatini mwetu miaka yote hiyo, karatasi mbili zikiwa kwenye rafu moja, na hakuna aliyeziweka pamoja.

Nilimkuta Basso sokoni Imidal, kwenye meza yake ya tufaha. Hakubisha.

"Nilikuwa na nyanya zinaoza, bwana mdogo. Niliandika wazi, nikainua mti mwenyewe. Na kila baridi ananipa salamu! Angenitukana ningepona mapema."

Lalla Tuda, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa kituo, na hasa sisi tulioingia na vyeti vyetu tukadhani tunakujua, ahsante kwa kila chai, kila mstari, na kila msafiri aliyefika kwake akiwa hai. Tunakuombea magoti yenye nguvu, nyumba yenye joto, na zulia la rangi yoyote utakayo.

Kamati ya nidhamu ya kituo imekubali kulisikiliza ombi langu na itakaa kizuizini kwenyewe kuamua. Zulia la mwaka 1991 litatandikwa mbele yake. Basso ameahidi kupanda, kuuandika upya ukurasa ule mbele ya Lalla Tuda, na safari hii, kabla kalamu haijawekwa chini, Lalla atasomewa kilichoandikwa. Wafanyakazi wote mnaombwa kuhudhuria: Alhamisi, tarehe 28 Machi, saa nne kamili asubuhi.

Yidir Amzil
Mhandisi Msaidizi