Mama Letisia na Bakshishi Iliyofika Nzima

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mama Letisia Mlowe, mhudumu mkuu wa mgahawa wetu hapa Hoteli ya Kipengere, Makambako, anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kazi. Nimeombwa na wenzangu niandike wasifu wake kwa sababu nakaa mapokezi, na kwa maelezo yao mtu wa mapokezi ana muda. Nimekubali, ingawa mhusika mwenyewe ameshanionya nisimpambe kama bibi harusi.

Alizaliwa Uwemba, akakulia jirani na misheni katika familia ya wakulima, na akaja Makambako akiwa mama wa watoto wawili. Alianza kwa kuosha vyombo. Baadaye akawa mhudumu, kisha mhudumu mkuu, na mpaka leo hakuna aliyemsikia akijiita hivyo. Kila mgeni, awe dereva wa lori la Tunduma au mhandisi anayekwenda Liganga, anapokelewa kwa "Kamwene", salamu ya huku kwetu, na asipoitikia, chai yake inachelewa kidogo.

Ana makosa yake, tusifiche. Ijumaa moja ya Kwaresima, mzee wa parokia yao alipita hapa akaagiza nyama ya kuchoma. Mama Letisia akampelekea maharage na ugali bila kumuuliza. Mzee alikula, akalipa, akaondoka. Meneja wa wakati ule alikasirika sana, lakini mzee yule hajaacha kuja, isipokuwa siku za Ijumaa anakula kwingine.

Utaratibu wa bakuli la bakshishi ni wake pia. Zamani kila mhudumu aliweka mfukoni alichoachiwa na mgeni wake, na mpishi na waosha vyombo wakabaki kutazama. Yeye ndiye aliyeleta bakuli na kusema kila kitu kiingie humo, na zamu ikiisha wote wagawane, kwa kuwa mgeni hatoi bakshishi kwa sahani chafu. Waliokuwa wakipata nyingi walinuna. Silvesta, mpishi wetu, anasema bakuli hilo lilimsomeshea mtoto.

Kisha ikaja mashine ya kadi. Wageni wanaopanda Kitulo kuangalia maua hawatembei na fedha taslimu. Wanalipa kwa kadi, na bakshishi wanaiongeza humohumo. Tulifurahi. Furaha ilipungua mwisho wa mwezi, bakshishi ya kadi ilipotufikia imekonda. Meneja wetu, Bwana Anderson, aliitisha kikao na kueleza bila kuficha: benki inatoza ada kwa kila malipo ya kadi, na uongozi umeamua ada hiyo ikatwe kwenye bakshishi. Si ada ya bakshishi peke yake, bali ya malipo yote, chakula na vyumba vikiwemo. Hoja yake ilikuwa kwamba bila mashine wageni hao wasingetuachia chochote, kwa hiyo anayefaidika achangie. Haikuwa hoja ya kupuuza, na yeye si mtu mbaya.

Wengi wetu tuna mikataba ya mwaka mmoja mmoja, na mtu wa namna hiyo hupima maneno yake. Mama Letisia naye alikuwa na kikubwa cha kupoteza kuliko sote. Alikuwa ameahidiwa kwamba akistaafu ataongezewa miaka miwili ya mkataba awafundishe wahudumu wapya, na miaka hiyo ndiyo aliyoitegemea kumalizia nyumba yake kule Uwemba. Kuta zilikuwa zimesimama, bado bati. Jambo hilo kila mtu pale kikaoni alilijua.

Akasimama. Kwa wasiotoka huku, mgowe ni watu kulimiana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba ndiye anayewalisha waliokuja. Alisema taratibu, kama anayepokea oda:

"Meneja, kwetu mtu akiita mgowe, yeye ndiye anayepika. Sijaona mwenye shamba anayewadai waliolima bei ya kuni."

Bwana Anderson alijibu kwamba hoteli si shamba, na kikao kikafungwa. Kesho yake alimwita pembeni, akamkumbusha kwa upole kwamba mkataba ule wa miaka miwili ulikuwa bado haujasainiwa. Mama Letisia akamshukuru kwa kumkumbusha. Siku yake ya mapumziko akapanda gari hadi Njombe mjini, akabisha hodi nyumbani kwa mwenye hoteli, Mzee Timoth, mtaa wa Ramadhani. Mzee alimpa chai na kumsikiliza mpaka mwisho. Alipouliza kama anajua anachohatarisha, Mama alimjibu kwamba anajua, na kwamba waosha vyombo wasingeweza kuja wenyewe.

Mwezi uliofuata ada ya benki ilihamia kwenye gharama za hoteli, mahali pake. Bakshishi ikatufikia nzima. Mkataba wa miaka miwili haukuja. Tuliambiwa bajeti imebana, na huenda ni kweli. Jasmine, mhudumu wetu mpya kabisa, alilia jikoni aliposikia, na Mama Letisia akamwambia afute machozi, meza ya nne wanasubiri supu.

Uongozi umesoma wasifu huu kabla ya kuchapwa. Kwa heshima yao, hawakufuta kitu, na tunawashukuru kwa hilo.

Sasa nakugeukia wewe mwenyewe, Mama. Tulitaka ubaki, na inatuuma kwamba unaondoka leo ukiwa na nguvu zako zote na nyumba isiyo na paa. Miaka yako miwili tunaila sisi, kidogo kidogo, kila zamu inapoisha. Hatuna namna ya kuirudisha. Ila Silvesta amekwishapanga siku na vijana wote wa jikoni: Jumamosi ya kwanza ya Julai tunakuja Uwemba kupandisha bati. Maisha yako huko yawe mema na marefu, Mama Letisia. Wewe pika tu.

Fidelis, mapokezi, kwa niaba ya wafanyakazi wote