Kamba Aliyokuja Nayo Baba Mkwe

Sifa zote ni za Bwana, ndugu zangu! Mwangaluka, nawaamkia wote wa hapa Dutwa, nanyi mliotoka mbali. Mniruhusu nishike hii meza kwa mikono miwili. Mimi kusimama mbele za watu siwezi. Hata siku ya harusi yangu niliinamisha kichwa mpaka shangazi akanifinya.

Nianze na neno moja nisije nikawadanganya. Sikuja kusema kwamba Kabula wangu ameanza kuongea. Hajaongea! Ni binti mkubwa sasa, ananipita urefu, na hajawahi kuniita mama. Yule pale mlangoni, anapeperusha vidole vyake, mnamwona. Wanaosubiri muujiza wa namna ile wanisamehe. Mimi nimekuja kushuhudia mwingine.

Mnakumbuka ule wakati ushirika ulipoacha kuwa mnunuzi pekee wa pamba. Wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, na watu wakashangilia, kila mtu auze anakotaka. Mimi furaha yangu ilidumu mpaka lori la kwanza lilipopita mbele ya nyumba yangu. Kabula alipenda pamba kuliko chakula. Akizika mikono ndani ya pamba, ule mwili usiotulia unatulia, na kelele zinaisha. Sasa pamba ikawa inapita barabarani kwa mwendo wa kasi, na mwanangu anaikimbilia.

Ndugu zangu, niliogopa! Nilisonga ugali sikio likiwa barabarani. Nikienda kuchota maji nilifunga kitenge kiunoni mwake na kiunoni mwangu. Hapa kanisani nilikaa karibu na mlango, na mahubiri niliyapata nusu. Siku moja dereva alifunga breki hadi magunia yakaporomoka, akashuka akanitukana matusi ambayo siwezi kuyataja hapa. Nilimshukuru. Kama natukanwa, basi mtoto yuko hai.

Mume wangu alikuwa ameshafariki. Baba yake, mfugaji wa kule Sapiwi, alisikia habari za lile lori, akaja. Akakaa kwenye kigoda, akaniambia, "Mayu, mama, ng'ombe wangu wa mahari walitoka, mtoto ni wa kwetu. Hapa atakufa. Kwangu kuna nyumba. Atafungwa kamba, atakula, ataishi. Akiumia nakuja kumchukua."

Hakusema kwa ukali. Hilo ndilo lililoniumiza, maana alimpenda mjukuu wake, na nilijua atafanya kama alivyosema. Nikawa naona kifundo cha mguu wa mwanangu ndani ya kamba, kila nikifumba macho.

Nikaenda kwenye maombi ya akina mama, nikalia. Sikuomba bustani hii tuliyo nayo leo, ndugu zangu, niliomba niombewe tu! Mzee wetu Shija, huyu asiyeona anayetuanzishia nyimbo, alikuwa amekaa nje akasikia. Akasema, "Kuomba tumeomba. Sasa mtoto atafutiwe pa kukaa. Na mimi nitafutiwe, nimechoka kukaa kitandani nikisubiri kuletewa uji."

Nyuma ya kanisa palikuwa na kiwanja kitupu. Vijana wakaja kulima kwa ngoma na nyimbo, jinsi tunavyolimiana siku zote. Tukapanda mchicha, nyanya, mchaichai wa kunusa, alizeti za kutazama. Mwisho kabisa tukapanda mistari ya pamba ambayo hatutamuuzia mtu, ya Kabula kushika. Tukaweka na pipa la maji lililokatwa, kwa wanaopenda kuchezea maji. Mzee Shija akasokota kamba ya katani, akaifunga kwenye vigingi usawa wa kiuno, imshike mkono kutoka tuta hadi tuta. Nkwabi, ambaye miguu yake ililegea tangu utotoni na anatembea kwa mikono, akasema yeye atakaa langoni. Jirani yangu mmoja, tunayechota maji pamoja miaka yote, akaja amemshika kijana mkubwa anayerudia kila neno analoambiwa. Kumbe alikuwa na mtoto huyo ndani! Nilimkumbatia.

Halafu tukaweka uzio, watoto wasikimbilie malori. Tukaweka minyaa. Nani humu hajazungushia boma lake minyaa? Tumezaliwa ndani ya minyaa. Watoto wetu wote tunawaonya, usivunje, ule utomvu mweupe unapofusha, na wanasikia. Ila hii bustani tuliilima kwa ajili ya wale ambao onyo haliwaingii, wanaoshika kila kitu ndipo wakijue. Hakuna hata mmoja aliyelifikiria hilo. Minyaa iliposhika tulipiga makofi!

Asubuhi moja ya msimu wa pamba nilikuwa napalilia, tena naimba, sikio langu limepumzika kwa mara ya kwanza. Nikasikia ukelele. Kabula amevunja tawi, ule weupe uko kwenye kope, na anazidi kujisugua. Tulimmwagia maji ya lile pipa hadi yakaisha. Nkwabi akajiburuta mpaka katikati ya barabara, akainua mikono, lori likasimama. Lori la pamba, ndugu zangu! Lile nililoliogopa ndilo lililotufikisha hospitali Bariadi.

Wakamsafisha, wakamfunga macho. Daktari akasema tusubiri, hawezi kuahidi. Kusubiri kule! Tulirudi nyumbani, Kabula analia, anang'oa bandeji, hataki ugali, hataki mkono wangu. Mnaniuliza niliomba? Sikuweza kuomba. Nilisema "Bwana, Bwana," neno la tatu halikuja. Na habari zilikuwa zimeshafika Sapiwi.

Mzee Shija akatuma watu. "Mleteni bustanini. Mwenzake asiyeona ni mimi." Niliogopa kumrudisha mahali palipomuumiza, lakini nyumbani alikuwa anajigonga ukutani, nikamleta. Mzee akamshika kiganja, akakiweka juu ya kamba ya katani. Kabula akagusa fundo. Akanyamaza. Akagusa fundo la pili, akapiga hatua, na mzee nyuma yake. Wakaenda hivyo mpaka mwisho wa kamba, na mwisho wa kamba ilikuwa pamba imepasuka. Mwanangu akazika mikono yake.

Hapo ndipo nikasikia mkokoteni wa ng'ombe. Baba mkwe alishuka, begani ana kamba ya kufungia ndama. Nilipiga magoti kumwamkia, nikabaki pale chini. Nkwabi akamwambia pale langoni, "Mwangaluka baba. Sauti kidogo, wanatembea."

Akasimama. Alitazama mjukuu wake, alitazama yule kipofu. Mimi nilitazama kamba iliyokuwa begani mwake, basi. Nilisubiri aseme, "Mtoe." Akauliza, "Hii kamba yenu inaishia wapi?"

"Kwenye pamba," Mzee Shija akajibu. "Haikutosha kufika kwenye maji."

Baba mkwe akaishusha ile yake. Akaifunga kwenye kigingi cha mwisho, fundo lile la ndama lisilofunguka, akainyoosha yeye mwenyewe mpaka kwenye pipa. Akarudi akaniinamia. "Wabeja, asante mayu. Inuka, unachafua nguo."

Haleluya! Bandeji ilipotolewa Kabula aliona, ingawa jicho la kushoto lina ukungu mpaka leo. Minyaa tuliing'oa yote. Sasa uzio wetu ni fito na mabua ya mtama, kila msimu tunausuka upya. Na malori bado yanapita. Bado naogopa, ndugu zangu, hata sasa nazungumza na ninyi huku nautazama mlango. Ila zamani niliogopa peke yangu, na sasa Nkwabi anaogopa nami langoni, na baba mkwe anatuletea samadi. Bwana alinitoa pale nilipokuwa peke yangu, nampa shukrani zangu zote.

Basi wewe uliyekuja leo ukaacha mtu nyumbani, mlango umefungwa kwa nje, sitakutaja na sitakuhukumu. Najua ni kwa kumpenda. Mtumaini Bwana, umlete. Na ile kamba unayomfungia usiiache nyumbani. Njoo nayo, bustani bado ina matuta ambayo hayajafikiwa.