Madoa Arobaini na Moja ya Samaki wa Shemeji

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa duka la chaja na betri. Mguu wake mmoja umefupika ukawekewa tofali, na anayekaa upande huo haruhusiwi kucheka sana. Asubuhi ile walikuwepo watatu wa kila siku: Betri, mwenye duka; Redio, karani mstaafu ambaye hajawahi kusema "sijui" tangu astaafu, na waliofanya naye kazi wanasema hata kabla ya hapo; na Mama Flaski, anayeuza kahawa na kugawa ushauri bure, ndiyo maana ushauri ni mwingi kuliko kahawa. Wa nne, fundi cherehani aitwaye Sindano, alikuja akivuka barabara bila kutazama magari, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Usoni alikuwa anacheka. Ndani alikuwa na hofu iliyoingia siku ya tano.

— Yametoka! akasema kabla hajakaa. Yote! Nimeamka, nimewasha taa ya tanki, nimehesabu mara tatu. Hakuna doa hata moja!

— Si nilikuambia? Redio akasema. Mpe kahawa, Mama Flaski. Mpe kubwa.

Jambo lenyewe lilianzia kwa shemeji yake. Huyo alikuwa mume wa dada yake Sindano, dada aliyefariki miaka miwili iliyopita. Wiki ile shemeji alikuwa hospitali, ametoka kufanyiwa upasuaji wa moyo, na Sindano ndiye aliyeachiwa funguo za nyumba na tanki kubwa la kioo, maji ya chumvi, samaki watano ndani. Kila jioni shemeji alipiga simu toka kitandani. Hakuuliza nyumba, hakuuliza barua. Aliuliza: "Manjano hajambo?" Manjano ni yule samaki wa njano, bapa kama kiganja, aliyenunuliwa na marehemu akiwa mdogo kama kifungo cha koti. Daktari alishaonya kwamba mgonjwa asishtuliwe na kitu chochote. Basi Sindano kila jioni alijibu "hajambo," na kila akikata simu alijikuta amekaa chini bila kukumbuka alivyokaa.

Kwa sababu madoa yalikuwepo. Jumamosi aliona matatu, meupe, kama punje za chumvi, kwenye samaki mwenye milia. Fundi ni fundi: akatoa chaki ya kuchorea vitambaa akaandika 3 juu ya kioo. Jumapili akaandika 11. Jumatatu 26, na samaki mweusi naye ameshapata. Hapo akakimbia kwa muuza samaki wa mapambo, akapewa chupa ya dawa na maelezo marefu, ila kichwa kilikuwa kimejaa shemeji, akashika agizo moja tu: watenge. Manjano na wadogo wawili, ambao hawakuwa na doa, akawahamishia kwenye pipa la plastiki lenye maji mapya na pampu yake. Jumanne aliandika 41. Na leo, Jumatano, hakukuwa na cha kuandika.

— Ilikuwa chumvi, Redio akaendelea. Wewe maji uliyakoleza. Ikawagandia mwilini, sasa imeyeyuka. Mambo ya kisayansi haya.

— Chumvi inaganda ndani ya maji, mzee? Betri akauliza. Hiyo ni sayansi ya wapi?

— Ya zamani. Nyinyi hamkuisoma.

— Ule ulikuwa umeme, Betri akasema. Hita ya tanki imechubuka waya, inavujisha kidogo kidogo. Kila ikivuja, samaki anaungua kitone. Mimi nimeungua hivyo hivyo mkononi, tazama.

— Hiyo si ulimwagikiwa na kahawa yangu? Mama Flaski akasema.

Sindano alicheka nao, lakini kikombe alikishika kwa mikono miwili. Kuna kitu hakuwa amekisema, na alikuwa amevuka barabara ili wao wakiondoe.

— Ila yule mwenye milia anahema, akasema.

— Anahema vipi?

— Hivi. Akaweka viganja kwenye mashavu yake akavifungua na kuvifunga upesi upesi. Ngozi safi kabisa, kama imepigwa pasi. Lakini anahema. Na chakula amekitazama tu.

Redio ndiye aliyewahi.

— Huyo anashusha pumzi. Wewe ukitoka homa ya siku nne utaamka na kudai chakula?

— Au maji yana joto, Betri akasema. Au amechoka kuhesabiwa. Kila asubuhi linakuja jitu na chaki linamkodolea macho!

Mama Flaski hakucheka. Aliweka flaski chini, akajifuta mikono.

— Fundi, shemeji yako alipasuliwa lini?

— Ijumaa.

— Na madoa yakaanza?

— Jumamosi.

— Wameshona nyuzi ngapi kifuani?

— Sijui, mama. Nani anauliza hayo?

— Uliza. Utaambiwa arobaini na moja.

Sindano ameshona tangu ujana wake na hajawahi kuogopa uzi. Asubuhi ile neno hilo lilimpanda mgongoni kama maji ya baridi. Alijua ni upuuzi. Alijua pia kwamba usiku kucha alikuwa akiwaza kitu kinachofanana na hicho: kwamba Manjano akifa, shemeji hatamlilia samaki, atamlilia dada upya, na moyo wenyewe ndio kwanza umefungwa.

— Acheni hayo, akasema. Tafadhali.

— Mbona ni habari njema! Mama Flaski akasema. Madoa yametoka, maana yake na nyuzi zimetoka. Mgonjwa amepona. Samaki wanajua kabla ya daktari.

— Hapo umenena, Redio akasema, kwa kuwa chumvi yake ilishashindwa. Niliwahi kusikia habari ya samaki mmoja aliyegoma kula mpaka mwenye nyumba arudi safari.

— Miaka mingapi?

— Kumi na mmoja.

— Bila kula!

— Alikuwa anaonja.

Benchi likacheka, na tofali likateleza, na Betri akainuka kulirudisha. Sindano naye akacheka, safari hii kwa kweli kidogo. Alitoa ile chupa ya dawa mfukoni akaiweka benchini. Kizibo kilikuwa na utepe wake wa dukani.

— Basi hii sihitaji tena. Na Manjano nimeshamtoa kwenye lile pipa. Alfajiri hii hii, nilipoona wenzake wamekuwa safi. Pipa lenyewe dogo, anazunguka kama mfungwa. Nikawarudisha wote watatu.

— Umefanya la maana! Betri akasema. Kila mtu kwake.

— Jioni ukiulizwa, sema hajambo bila kigugumizi, Mama Flaski akasema, akammiminia ya pili.

Hapo ndipo alipofika mwanamke mmoja mwenye mfuko wa nailoni, gauni likichungulia mdomoni mwa mfuko. Alikuwa amegonga dukani kwa fundi, akaelekezwa benchini. Hakuna aliyemfahamu. Alisalimia, akaambiwa asubiri kidogo, fundi ana furaha. Akasubiri, akisikiliza, akitazama ile chupa.

— Samahani, akasema baadaye. Hayo madoa ni rangi, au ni vitu?

— Muuzaji aliviita vidudu, Sindano akajibu.

— Viko hai?

— Nadhani. Vinanyonya.

— Na dawa ndiyo hiyo? Mbona haijafunguliwa?

— Haikuhitajika, dada, Redio akasema. Vimetoka vyenyewe.

— Eeh. Vimekwenda wapi?

Redio hakukawia kujibu.

— Vimekufa.

— Vimeuawa na nini?

Betri alijikuna kidevu. Mama Flaski alianza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangwa.

— Siwasumbui, mwanamke akasema. Ni vile tu binti yangu alikuwa na chawa. Siku moja nakagua kichwa, hakuna. Sikufurahi. Nikaenda kukagua mto wake wa kulalia.

Sindano alikuwa ameshasimama. Aliiokota chupa, akatoa simu, akatafuta namba ya muuza samaki huku akitembea, na vidole vyake, ambavyo huingiza uzi kwenye sindano bila miwani, vilikosea mara mbili. Wale wengine wakamfuata, Mama Flaski na flaski yake, maana nyumba ya shemeji ilikuwa mtaa wa pili na hakuna aliyewahi kualikwa kuyaona madoa yenyewe. Mwanamke naye akafuata. Gauni lake lilihitajika kesho.

Simu ikapokelewa. Sindano aliibana sikioni kwa nguvu, akaeleza akihema kama samaki wake.

— Hawajafa, sauti ikasema sikioni. Wameshiba. Kidudu kikishiba kinadondoka, kinajifungia kwenye mchanga, kinatulia kama yai. Kikija kupasuka, kimoja kinatoa mamia. Hao wanaogelea kutafuta samaki. Si nilikueleza yote haya?

— Anahema, yule mwenye milia.

— Wengine wako ndani ya mashavu. Huko huwaoni. Lakini wale wazima uliowatenga, huyo wa njano, bado yuko kwenye pipa?

Sindano alipita mlango wa duka la unga, akapita kinyozi. Kinyozi alimpungia mkono. Yeye hakumwona.

— Fundi? Yuko kwenye pipa?

— Nimemrudisha.

— Saa ngapi?

— Kumi na mbili.

— Mtoe. Mtoe sasa hivi, arudi pipani, na tanki likae bila samaki wiki nyingi, nitakwambia. Waliodondoka leo huenda hawajapasuka. Ila waliodondoka siku za nyuma, hao siwezi kukuapia. Na usitafute madoa, madoa huchelewa. Tazama mwendo wake. Kabla ya doa samaki huwashwa. Ukimwona anajisugua kwenye mawe, ujue wameshamfikia.

Sindano hakuaga. Aliingiza ufunguo, ukakataa, akaugeuza, ukaingia.

Sebule ilikuwa vile vile dada yake alivyoipenda: vitambaa alivyovidarizi mwenyewe juu ya makochi, pazia limefungwa nusu ili jua lisilipige tanki. Pampu ilikuwa ikiguruma polepole. Juu ya kioo zilikuwa zile namba za chaki. Sakafuni mwa tanki kulikuwa na mchanga mweupe, punje nyeupe juu ya punje nyeupe toka kona hadi kona, na Sindano, ambaye huiona pini iliyodondoka kwenye zulia, aliutazama akaona hatajua kamwe ipi ni ipi. Aliuogopa mchanga ule kama anavyoogopwa mtu mwenye panga. Samaki mwenye milia alikuwa amejibanza nyuma ya bomba, mashavu yakienda mbio.

— Lo! Kumbe ni wazuri hivi! Mama Flaski akasema.

— Yule mweusi ni mimi kabisa, Betri akasema. Na yule wa njano, mwenye nyumba mwenyewe. Mtazameni anavyotembea.

Manjano alikuwa akikata maji katikati ya tanki, ametulia, safi, hana doa. Sindano alimhesabu macho, mapezi, mkia. Akanyakua wavu mdogo juu ya kabati, akakunja mkono wa shati.

Samaki akashuka. Alifika kwenye jiwe lililo mbele, akalala ubavu ghafla, akajipitisha juu ya jiwe kwa kasi, akainuka.

— Anacheza! Betri akapiga makofi. Fundi, umeona? Amefurahi kurudi kwao.

— Samaki mwenye afya hucheza, Redio akasema. Hilo linajulikana.

Manjano akazunguka, akarudi kwenye jiwe lile lile, akalala ubavu wa pili.

Mwanamke mwenye gauni aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Alitazama kwa makini, kama mama anayetazama kichwa cha mtoto, kisha akamgeukia Sindano.

— Kaka, huyu wa njano anawashwa?

Wote wakamgeukia fundi, wakingoja amcheke pamoja nao yule mwanamke wa maswali. Sindano alikuwa ameshaingiza mkono majini mpaka kwapani. Wavu ulimfuata samaki huku na huku na maji yakamwagika kwenye kioo, yakafuta 41, yakafuta 26, na yeye hakumjibu mtu.