Ombi la Askari wa Kijivu

Mgeni rasmi, Mwalimu wetu mstaafu na mwanzilishi wa kikundi hiki. Mama yetu, mke wa mgeni rasmi. Wanachama wenzetu wote mliofika: shikamooni wakubwa, na wengine habari za mchana.

MAKARIBISHO

Mwalimu, karibu tena katika chumba cha nyuma ya maktaba. Kiti ni kilekile na mguu wake mmoja bado unacheza, kwa hiyo ukae nacho kwa adabu. Tunajua unajiuliza umekuwaje mgeni rasmi mahali ambapo ufunguo wa mlango umekaa mfukoni mwako miaka mitano. Jibu ni fupi. Tulikuita kama mwanachama, ukasema una mafua. Tukakuita tena, mafua. Miezi minane ya mafua, jamani! Ndipo Mama akatushauri, "Mpelekeeni barua yenye muhuri. Huyu akiitwa kwa barua hakatai." Muhuri tuliuazima kwa mkutubi. Utusamehe.

Risala hii tumeiandika sote, na anaisoma katibu, fundi cherehani, kwa sababu wenzake wamesema yeye ndiye mwenye sauti. Ukweli ni kwamba wameogopa.

HISTORIA

Kikundi kilianza siku uliyomwaga mezani visanamu vya askari wa bati, kila mmoja mrefu kama pingili ya kidole, ukasema tutapigana upya vita vya daraja, vile ulivyovifundisha darasani miaka thelathini bila mtu kukusikiliza. Askari mia nane: mia nne wa makoti meupe, mia nne wa makoti ya buluu. Tungewapaka rangi, tungewapanga, tungerusha kete kuamua nani anaanguka, na wewe ungeliona daraja likivukwa kwa macho yako mwenyewe. Tukaapa. Ukatuwekea sheria moja, ukaiandika ukutani, na bado ipo: ASKARI ASIYEPAKWA RANGI HAKANYAGI MEZA.

Tulikuwa saba. Mmoja akahama, mmoja akaoa, mmoja akasema anakwenda kunywa maji mara moja. Tumebaki wanne: Nesi, Fundi Saa, katibu, na yule tunayemwita Kesho. Sababu ya jina hilo unaijua.

MAFANIKIO

Mpaka leo tumemaliza askari mia tano kumi na wawili. Makoti, mikanda, vifungo, buti, na masharubu kwa wenye vyeo. Tumejifunza pia namna ya kujidanganya ili tusikate tamaa. Tunapaka kumi kumi, waliobaki tunawafungia kabatini tusiwaone. Afisa mwenye kofia ya manyoya tunamwacha awe wa mwisho, kama zawadi. Na tunakaa pamoja, maana mtu akibaki peke yake nyumbani na askari kumi anaanza kufua mapazia. Kesho mwenyewe amemaliza mpiga ngoma. Kamchukua mwezi mmoja na nusu, lakini ni mpiga ngoma haswa, ana mpaka kope.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, tumechoka. Hatulalamiki, tunatoa taarifa. Farasi tuliahidi sitini bila kufikiria kwamba kila farasi ana miguu minne. Fundi Saa anashinda na lenzi jichoni kwenye saa za watu, akitoka huko anakuja kupaka vifungo. Nesi anasinzia na brashi mkononi; safari moja aliichovya kwenye chai, na chai akainywa. Askari mia mbili themanini na nane bado ni wa kijivu, vilevile walivyotoka kwenye kasha. Kwa mwendo wetu huu, ni miaka mitatu mingine.

Hapa katibu anaomba maji kidogo.

Miezi tisa iliyopita, Mwalimu, ulishika chupa ya rangi, ukaisogeza kwenye taa, ukasema, "Buluu ndiyo hii. Anzeni kikosi cha kushoto." Ilikuwa kijani. Fundi Saa alifungua mdomo, Nesi akamkanyaga mguu. Tukapaka kijani wiki tatu nzima, makoti tu bila vifungo wala buti, askari tisini na sita, kila mmoja wetu akimsubiri mwenzake aseme. Ulipokuja kukagua ulimsogeza mmoja mpaka puani, ukasema, "Safi kabisa. Buluu yenyewe." Tukakaa kimya kama wezi. Tunadhani kimya kile ulikisikia, kwa sababu wiki iliyofuata ndipo mafua yalipoanza.

Mama ametuambia alichosema daktari. Usimgombeze, sisi ndio tuliombana. Alisema, "Wanangu, nyinyi pakeni taratibu tu, hakuna anayewakimbiza. Ila mwenzenu mwanga wa macho yake hauvuki mwaka huu." Tangu siku hiyo hatushiki brashi bila kuhesabu miezi. Tulijaribu kwenda mbio, rangi ya buti ikaishia usoni. Miaka mitatu haiingii ndani ya mwaka mmoja, tumeikunja kila namna. Inatuuma, Mwalimu, na tumeona aibu kukwambia.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi matano. Lile la viti na lile la brashi mpya tumeyafuta, na la kabati pia. Yamebaki mawili.

La kwanza, tunaomba uifute ile sheria ya ukutani, leo tu. Meza iliyo nyuma yako, ile iliyofunikwa shuka, si ya chai. Mto upo, daraja lipo, na askari wote mia nane wamesimama, wenye rangi mbele, wa kijivu nyuma yao. Nesi ameomba ruhusa kazini. Fundi Saa amefunga duka. Kesho amefika wa kwanza, na hilo peke yake lingetosha kukushawishi. Taa tumewasha tatu. Tukisubiri wote wapendeze, watatupendezea sisi peke yetu, na hatukuapa hivyo.

La pili, tunaomba usituamuru kuwapaka upya wale tisini na sita. Vitabu vyako vinasema walivaa buluu, na vitabu havikukosea. Lakini kwenye meza hii watabaki na kijani chao, kwa sababu jemadari wao alisema ni buluu, na hakuna hata mmoja aliyebisha.

Mungu akutunze wewe na Mama, na akuachie mwanga mpaka daraja livukwe. Shuka hatulifunui mpaka utamke.

Ni sisi wanafunzi wako,
Kikundi cha Wapaka Askari, Chumba cha Nyuma:
wanachama wanne, askari mia tano kumi na wawili wenye rangi, na mia mbili themanini na nane ambao tayari wamekanyaga meza na wanasubiri ruhusa yako.