Mlio wa Upande wa Kushoto

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti, au laleni hivyo hivyo mlivyolala. Leo tumechoka sote. Tunamkumbuka dereva mstaafu wa lori la mikate, aliyezikwa juma lililopita. Mtaa mzima ulimwita Mzee Bado. Ukimuuliza, "Mzee, pikipiki imekwisha?" alifuta mikono kwa kitambaa, akakujibu, "Bado." Basi jina likamganda.

Pikipiki yenyewe ni ya safari ndefu. Ya kizamani, silinda mbili, kioo cha kukinga upepo, masanduku pembeni, na kiti kipana cha watu wawili. Aliinunua ikiwa mifupa mitupu, akaiingiza sebuleni. Sebuleni, jamani! Mkewe ni fundi cherehani, na sebule hiyo ndiyo ofisi yake. Kochi likatoka, injini ikaingia.

"Nilimuuliza, baba, hii ni nyumba au gereji?" anasimulia mjane wake. "Akaniambia, mke wangu, nivumilie kidogo tu. Ikikamilika, nakupeleka kwa dada yako."

Dada huyo anaishi ng'ambo ya milima. Shikeni hapo, wasikilizaji: ahadi ilikuwa kumpeleka mkewe kwa dada yake.

Kidogo hicho kikawa miaka. Mke alishona, mume alifungua na kufunga. Mafuta ya cherehani yaliishia kwenye waya wa klachi. Kitambaa kizuri cha mteja kilikutwa kikisugua bomba la moshi, na siku hiyo walinuniana mpaka chai ikapoa mezani. Lakini kabureta ilisafishwa, nyaya za taa zikabadilishwa, vyuma vikang'aa mpaka mtu anajiona uso. Hatimaye ikahamia uani, chini ya turubai, dirishani pa chumba chao.

Kila Jumamosi asubuhi mzee aliipiga kiki, akaiacha ingurume. Alisema injini isiyowashwa inakufa kwa kutu. Kisha alisimamisha ncha ya bisibisi juu ya injini, akabana mpini sikioni, akafumba macho.

"Upande wa kushoto," alisema. "Kuna kitu kinagonga. Kwa mbali, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya pili."

"Mimi sisikii kitu," mkewe alijibu.

Akafungua tena. Akafunga. Mlio ukapotea, halafu ukarudi.

Siku moja walisafiri. Nasema walisafiri, lakini ngojeni. Mama alijishonea koti zito la baridi ya milimani. Dada akaambiwa atandike kitanda. Majirani wakatoka milangoni kuwapungia mikono. Walifika kituo cha mafuta, pale barabara inapoanza kupanda. Mzee akasimama, akatoa bisibisi yake sandukuni, akasikiliza.

"Inagonga," akasema. "Turudi."

Walirudi. Mama alipofika alitundika koti msumarini, akaketi kwenye cherehani yake.

"Nilichoka," anasema. "Pikipiki nilishaizoea. Nilichoka na yeye. Nikamwambia, sema tu hukutaka kunipeleka, hiyo kelele ni kisingizio. Akachukua spana."

Halafu miguu ya mzee ikakataa kazi, akawa mtu wa kitandani. Jumamosi ilipofika, mama alitoka uani akaipiga kiki mwenyewe. Miguu iliyokanyaga cherehani maisha yote, msiichezee! Injini ikanguruma chini ya dirisha. Kila Jumamosi mgonjwa aliuliza, "Kushoto vipi?" Kila Jumamosi mama alijibu, "Hakuna kitu. Lala."

Jumamosi yake ya mwisho, mzee alimshika mkono. "Ile safari," akamwambia, "ningekuwa peke yangu ningepanda tu. Lakini nyuma yangu ulikuwa wewe."

"Nami nikamjibu nini?" anauliza mjane. "Nikamwambia lala."

Mzee akazikwa. Dada alikuja kwa basi, kitanda akatandikiwa yeye. Ndugu wakaanza kunong'ona kwamba hilo chuma liuzwe. Juzi Jumamosi mama alitoka uani, akaipiga kiki. Safari hii hakukuwa na wa kuuliza chochote dirishani. Akachukua bisibisi, akasimamisha ncha pale pale alipozoea kuona ikisimamishwa, mpini sikioni, akafumba macho.

Kwanza alisikia mngurumo tu. Alikaa hivyo mpaka mgongo ukamuuma. Kisha ukaja, ndani kabisa, upande wa kushoto. Ko. Ko. Ko.

"Inagonga, baba," aliliambia dirisha. "Inagonga kweli."

Akazima injini, akakaa chini kwenye sakafu ya ua, akalia kilio ambacho hakukilia makaburini. Dada yake alimkuta hapo.

Wasikilizaji wapendwa, kwa mjane, kwa dada yake na kwa jamaa wote wa Mzee Bado, poleni sana. Poleni kwa msiba na kwa uchovu wake. Nasi tuliobaki, kama nyumbani kuna mtu anayesema anasikia kitu, na wewe husikii, usimwambie alale. Kaa naye kidogo, utege sikio.

Nilipokuwa naaga nilimuuliza mama kama ataiuza pikipiki. Spana ilikuwa mkononi, na kifuniko cha upande wa kushoto kilikuwa kimeshafunguliwa. Alifuta mikono kwa kitambaa, akaniangalia.

"Bado," akasema.